Nyumba Baada ya Talaka: Iuzwe kwa Amri, Isingoje Hisani

   

Nilialikwa nizungumzie mgawanyo wa mali ya ndoa. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, nami nilimwomba Mwenyekiti niipunguze, akaridhia. Nitazungumzia nyumba tu, tena si nyumba ya kila wanandoa waliotengana. Wapo wanaoachana wakakaa mezani, wakauza, wakagawana, wakapeana mikono. Hao hawahitaji mhadhara. Nazungumzia nyumba ya watu wawili ambao mmoja wao, kwa miaka yote ya ndoa, ndiye aliyeamua nani atoke na nani aingie, mshahara ukabidhiwe kwa nani, simu ipokelewe au ikatwe. Ndoa hiyo imevunjwa na mahakama. Nyumba imebaki, na jasho la wote wawili limo ndani yake. Itauzwaje?

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Nyumba ya namna hiyo haiuziki kwa kuambiana "kaeni mkaelewane". Kila tunapowaambia hivyo tunamrudisha mmoja mikononi mwa mwenzake. Mauzo yake yapangwe hatua kwa hatua ndani ya amri ya mahakama, hata isibaki hatua moja inayongoja hiari ya yule aliyezoea kutawala.

Mambo mawili kabla sijaanza. Nitasema "mama" mara nyingi ninapomtaja aliyeonewa, kwa kuwa ndivyo ninavyoyaona mashauri haya kwa kawaida. Wapo akina baba waliofungiwa nje ya nyumba walizojenga kwa mikono yao, na nitakayoyasema ni yao pia. La pili, Sheria ya Ndoa ya 1971 ninayoiegemea ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake na mahakama zake za Kadhi, nami sitausemea usiku huu.

1. Kutawala huhamia kwenye nyumba

Hoja ya kwanza ni kwamba mtu aliyekuwa akimtawala mwenzake haachi siku karatasi ya talaka inapotoka. Hupoteza njia nyingi: hawezi tena kupekua mkoba, hawezi kuuliza "ulikuwa wapi". Njia inayobaki, iliyo halali machoni pa watu wote, ni nyumba. Maadamu nyumba haijauzwa, mtalaka wake atalazimika kumpigia simu, kumbembeleza, kumngoja.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Hati iko kabatini kwake, na kila inapoulizwa anasema ataitafuta. Mnunuzi wa kwanza ametoa bei ndogo. Wa pili ana bei nzuri ila "hamwelewi". Wa tatu alipokuja kutazama alikuta geti limefungwa. Akikubali leo mbele ya wazee, wiki ijayo anasema hakukubali, aliheshimu wazee tu. Mtaani anapitisha neno kwamba nyumba ile ina kesi, na dalali gani atapeleka mteja kwenye nyumba yenye kesi? Siku nyingine anatuma ujumbe mpole: njoo tuzungumze nyumbani, wewe peke yako, mambo ya mawakili ya nini. Mama akienda, anakuta hakuna la nyumba linalozungumzwa.

Tendo moja moja ukiliweka mbele ya hakimu linaonekana dogo na lina maelezo yake. Mtu ana haki ya kukataa bei ndogo. Mtu anaweza kupoteza hati. Ndiyo sababu mabaraza yetu ya usuluhishi ya ndoa hushindwa kuliona jambo lenyewe, kwa kuwa yanasikiliza tendo la wiki hii na kusahau la mwezi uliopita. Nawaomba wajumbe wa mabaraza mliomo humu mjizoeze kuandika tarehe. Mkiorodhesha tarehe za wanunuzi sita na sababu sita za kuwakataa, mtaona kwa macho yenu kwamba tatizo halikuwa bei.

Nchi nyingine zimeanza kulitaja jambo hili katika sheria. Kenya, kwa sheria yake ya 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, imeutaja ukatili wa kiuchumi kuwa ni aina ya ukatili. Uingereza iliifanya tabia ya kumdhibiti mwenza kuwa kosa la jinai mwaka 2015, kisha kwa sheria ya 2021 ikalipanua kosa hilo limguse hata mtu ambaye ameshaachana na mwenzake na hawaishi tena pamoja. Waliona ninayoyasema hapa: kutengana hakumalizi jambo. Sheria yetu ya Ndoa inautambua ukatili wa kiakili kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Umesaidia kuivunja ndoa. Wakati wa kugawa nyumba tunausahau, tunawachukulia hawa wawili kana kwamba ni wafanyabiashara waliovunja ubia.

2. Jina lililo kwenye hati si mwisho wa maneno

Wapo akina mama wanaoondoka mikono mitupu kwa sababu moja tu: waliambiwa, na wakaamini, kwamba nyumba ni ya aliyeandikwa. Hapa nitatulia kidogo, maana huu ndio uwongo unaowafaa sana wanaotawala.

Ni kweli kwamba kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinaanza na dhana kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja. Lakini ni dhana tu, na inaweza kupingwa kwa ushahidi. Nyumba ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, dhana inageuka: hisa zao ni sawa. Kisha kuna kifungu cha 114, ambacho ningependa kila mwanamke na kila mwanamume anayejenga akijue. Kinaipa mahakama mamlaka, inapotoa talaka au baada ya kuitoa, kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa, au kuamuru mali hiyo iuzwe na fedha zigawanywe. Mahakama itazame mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni waliyoyaingia kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto. Na baada ya hayo ielekee kwenye usawa. Hata nyumba ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya kuoana huingia, ikiwa mwenzake au wote wawili waliiendeleza kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa.

Neno "kazi" katika kifungu hicho lilibishaniwa miaka mingi. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi ya namna hiyo? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyosomwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijibu ndiyo: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Watu wengi hulitaja shauri hili bila kusema mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa kuwa mahakama iliona mume alikuwa ameshampa fedha za kujiendeleza naye akazitumia ovyo. Kanuni ikabaki, na imewafaa wengine wengi. Nawaambia mwisho huo kwa makusudi. Mahakama hupima mchango na mwenendo wa mali, haitoi nusu kwa kila anayeomba. Mahakama ya Juu ya Kenya nayo ilisema mwaka 2023 kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba ya nchi hiyo hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe mchango wake.

Basi onyesheni. Sisi hatujengi kwa mkopo wa miaka thelathini kama wanavyojenga wengine. Tunanunua kiwanja mwaka huu, msingi mwaka kesho, tofali zinalala chini ya mwembe hadi mvua mbili zipite, linta, kimya, halafu bati. Nyumba ya miaka kumi na miwili haina risiti moja kubwa. Ina vipande: daftari la vikoba lenye mkopo wa mifuko ya saruji, ujumbe wa simu wa fedha aliyotumiwa fundi, picha ya siku ya kumwaga jamvi. Ina watu: fundi aliyejenga, muuza mchanga, jirani aliyemwona mama akimwagilia tofali alfajiri kabla ya kwenda kazini na kuwapikia mafundi mchana. Hao wote ni ushahidi. Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili wamesema kweli tupu. Anayeishi na mtu wa kumtawala anunue daftari lake leo, alihifadhi kwa dada yake au rafikiye.

Sheria ya Ardhi ya 1999 inaongeza nguvu. Kifungu chake cha 161 kinasema kwamba mwenza aliyechangia kwa kazi yake katika kuitunza au kuiendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzake huhesabiwa kuwa amepata maslahi katika ardhi hiyo. Nao walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana na watu kuwa mume na mke, bila ndoa rasmi, wasidhani mlango umefungwa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweza kuwahusu.

3. Kuna kipindi cha hatari kati ya talaka na mgawanyo

Hoja hii ni fupi, lakini mawakili vijana, tafadhali iandikeni.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mwenza kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa mwenza huyo maslahi anayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio. Someni maneno yake vizuri: ulinzi huo unadumu wakati ndoa ingalipo. Ndoa ikivunjwa leo, na mgawanyo wa mali ukaachwa uje kuombwa "baadaye", mama yuko katika uwanja wazi. Mtalaka wake mwenye jina kwenye hati anaweza kumtafuta mnunuzi mwepesi, mara nyingi ndugu yake mwenyewe, na mahakama ikija kuamka nyumba imeshahama mikono miwili.

Kwa hiyo, kwanza, ombeni mgawanyo katika shauri lilelile la talaka. Kifungu cha 114 kinaruhusu. Pili, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati mapema, ndoa ikiwa bado hai, na ombeni amri ya mahakama ya kuzuia mauzo hadi mgawanyo ukamilike. Tatu, ikiwa nyumba haina hati, ina leseni ya makazi au karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, pelekeni barua ya kuzuia mauziano kwa mwenyekiti na mtendaji, mpate nakala iliyogongwa muhuri. Wenyeviti wa mitaa mliopo: barua hiyo ikifika mezani kwenu, msishuhudie mauziano ya nyumba ile. Muhuri wenu ndio hati ya watu maskini.

Na aliyepewa talaka kwa maneno au kwa karatasi ya dini asiishie hapo. Mamlaka ya kugawa nyumba kwa kifungu cha 114 ni ya mahakama, na kwa kawaida njia ya kuifikia hupitia baraza la usuluhishi la ndoa na hati yake ya kushindwa kusuluhisha. Hati hiyo haitakiwi kupita miezi 6 kabla ya maombi ya talaka kufunguliwa. Nimeona watu wakirudishwa kuanza upya kwa kuichelewesha, na kila kuanza upya ni ushindi kwa anayetaka jambo lisiishe.

4. Amri isiyo na hatua ni ruhusa ya kuchelewesha

Sasa nafika kwenye kiini cha mhadhara wangu, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu nitaingia kwenye mambo madogo.

Hukumu nyingi za mgawanyo humalizika kwa sentensi moja: nyumba iuzwe, kila upande upate nusu ya mapato. Watu hutoka mahakamani wakikumbatiana. Miaka miwili baadaye nyumba haijauzwa. Sentensi ile haikusema nani anauza, kwa bei ipi, kufikia lini, hati iko wapi, nani anasaini, fedha zinaingia wapi, na nani anakaa ndani wakati wa kungoja. Kila kisichosemwa kimeachwa kwa hiari ya wawili, na hiari ya wawili hawa tunajua iko mkononi mwa mmoja.

Naomba niwape mfano wa kubuni, wenye hesabu rahisi. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 120. Uani kuna vyumba vitatu vilivyopangishwa kwa shilingi 50,000 kila kimoja. Baba amebaki ndani, mama amepanga chumba mtaa wa pili na watoto. Kila mwezi baba anapokea 150,000 za wapangaji na analala bure. Mauzo yakichelewa miaka miwili, amekusanya milioni 3.6, na mama kwa muda huohuo amelipa kodi ya chumba chake kutoka mfukoni. Mnaona? Kuchelewa kunamlipa anayechelewesha. Tunaweza kumhubiria mwaka mzima juu ya haki na utu, lakini amri ile imempa mshahara wa kukaidi.

Geuzeni hesabu hiyo. Amri iseme kwamba tangu siku ya hukumu kodi ya vyumba vya uani igawanywe kwa kiwango kilekile cha mgawanyo wa nyumba, na kwamba anayekaa ndani peke yake ahesabiwe kodi ya soko, ikatwe kwenye sehemu yake siku ya mauzo. Iseme pia nani analipa nini. Pango la ardhi lazima liwe na wa kulilipa. Kodi ya jengo, tangu 2021, hukatwa kwenye luku, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa, na anastahili kuhesabiwa. Siku hiyo utaona mtu aliyekuwa hana haraka akianza kuuliza dalali amefikia wapi.

Baada ya hapo zifuatazo ndizo hatua ambazo mimi ningeziandika.

Thamani. Mthamini aliyesajiliwa, kwa sheria ya wathamini ya 2016, ateuliwe na mahakama, asiteuliwe na upande mmoja. Gharama ikatwe kwenye mauzo. Taarifa yake iwe na bei ya soko na bei ya chini isiyoshukwa. Mzozo wa bei unakufa hapo, kwa kuwa mnunuzi yeyote aliye juu ya bei ya chini hawezi kukataliwa na mtu mmoja.

Nafasi ya kununuana. Mmoja akitaka kubaki na nyumba apewe muda, tuseme siku 60 au 90, alipe sehemu ya mwenzake yote kwa mkupuo. Si kwa ahadi, wala si kwa vipande vya kila mwezi. Malipo ya vipande ni kamba mpya: kila tarehe 30 mama atakuwa akingoja simu ileile aliyoikimbia. Siku zikipita bila malipo, nafasi imekufa, nyumba inakwenda sokoni.

Hati na saini. Hati ikabidhiwe mahakamani au kwa wakili aliyekubaliwa ndani ya siku 14. Aliyekataa kukabidhi, au aliyekataa kusaini mkataba wa mauziano na fomu za uhamisho, ofisa wa mahakama asaini badala yake. Mahakama ina uwezo huo katika kukazia hukumu, ila uwezo huu hutafutwa baada ya mwaka wa mabishano, kwa maombi mapya na gharama mpya. Kwa nini usiandikwe tangu mwanzo? Mtu akijua kwamba saini yake ina mbadala, saini yake haina tena bei.

Fedha. Mnunuzi asimkabidhi mmoja fedha ili "ampe mwenzake". Hilo nimelisikia mara nyingi na mwisho wake mnaujua. Kwanza zilipwe zinazotangulia: mkopo wa benki kama upo, kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi wa nchi ni asilimia 10 ya faida, malimbikizo ya pango la ardhi, ada ya mthamini na dalali. Kinachobaki kiingie kwenye akaunti mbili tofauti, siku moja, kwa maelekezo yaliyomo kwenye amri. Na mama, akaunti yako iwe mpya, katika benki ambayo mtalaka wako hajawahi kukusindikiza, yenye namba ya simu asiyoijua.

Mwisho wa safari. Kama kwa muda uliowekwa, miezi 6 kwa mfano, nyumba haijauzwa kwa njia ya kawaida, ikabidhiwe dalali wa mahakama iuzwe kwa mnada. Najua mnada huleta bei mbaya. Najua pia kwamba wapo wanaosema bora tuuze kwa hasara wote kuliko yule apate. Lakini mnada ukiwa na tarehe, kabla ya tarehe hiyo wengi hupata busara ya kukubali mnunuzi wa kawaida.

Haya yote yanaweza pia kuandikwa katika makubaliano ya pande mbili yakasajiliwa mahakamani yakawa amri. Ni njia ya haraka na nafuu, na siikatai. Sharti langu ni kwamba mazungumzo yasifanywe ana kwa ana na mtu aliyezoeshwa kunyamaza. Mjumbe wa baraza au wakili aende chumba hiki, kisha chumba kile. Nimekwisha kuwaona watu waliokubali robo mbele ya mwenzao, wakataja nusu walipokuwa peke yao na msuluhishi.

5. "Nyumba ni ya watoto"

Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa patakuwa na ubishi, nami naukaribisha.

Neno hili huja mwishoni, hoja nyingine zikishakwisha. Mtu ambaye hakulipa ada mihula mitatu husimama mbele ya wazee akasema hauzi, nyumba ni ya watoto. Wazee huguswa. Mama naye huguswa, maana mama gani asiyewatakia wanawe paa?

Kwa sheria, nyumba ya wazazi walio hai ni mali ya wazazi. Watoto hawaimiliki mpaka waandikishwe au warithi. Mahitaji yao yametajwa kwenye kifungu cha 114, na mahakama iyazingatie kwa uzito. Yanaweza kuifanya impe anayewalea sehemu kubwa zaidi, au isogeze mauzo hadi mtoto amalize darasa la saba. Vyote viwili ninaviunga mkono. Ninachokipinga ni neno hilo kutumika bila tarehe na bila kazi. Kama nyumba ni ya watoto, basi iandikwe kwa jina lao kesho asubuhi, au anayeishi nao ndiye akae ndani. Mwulizeni hivyo anayelitamka. Jibu lake litawaambia kama anawafikiria watoto au anafikiria funguo.

6. Kuuza kwa hasara ili kupumua

Wapo watakaoniambia: mwanasheria, haya yote ni mazuri, lakini mimi nimechoka. Amenipa milioni 25 taslimu, nazichukua niende zangu. Simlaumu mtu huyo hata kidogo. Amani ina thamani, na usalama wa mwili una thamani kuliko matofali.

Ninachomwomba ni ajue kwanza anachokiacha. Turudi kwenye mfano wetu: milioni 120, toa tuseme mkopo wa benki wa 20, toa tuseme 6 za kodi na ada, inabaki 94, nusu yake ni 47. Anayepokea 25 amelipa milioni 22 kununua uhuru wake. Huenda ni bei anayoweza kuilipa, kwa sababu kesi itamla mwaka mwingine na afya yake. Huenda ni kiwanja na msingi wa nyumba ya wanawe. Aamue akiijua namba, na aamue akiwa na mtu asiyemwogopa mtalaka wake. Ofa iliyo halali haiozi kwa siku tatu. Ikiwa lazima ijibiwe leo usiku, ni shinikizo.

Na kama kuna vitisho, hesabu zote zisubiri. Aende dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, aandikishe, apewe kumbukumbu ya taarifa. Asipeleke mnunuzi kutazama nyumba akiwa peke yake. Hiyo ni kazi ya dalali, na mjumbe wa shina anaweza kusimama naye. Mawasiliano yote yawe ya maandishi. Ujumbe mfupi wa simu una faida mbili: hauna sauti ya kukutisha, na unasomeka mahakamani.

7. Kazi iliyo mbele yetu

Nimalizie kwa yale ninayotaka tuyafanye, kwa kuwa sikuja kulalamika.

Kwa mahakama zetu, naomba tuwe na fomu moja ya amri ya kuuza nyumba ya ndoa, yenye nafasi za kujaza: mthamini, bei ya chini, siku za kununuana, siku ya kukabidhi hati, anayesaini badala, akaunti, mgawanyo wa kodi za wapangaji, tarehe ya mnada. Hakimu wa mahakama ya mwanzo mwenye mashauri arobaini mezani hana muda wa kubuni masharti haya kila mara. Akiwa na fomu, atajaza kwa dakika ishirini. Hilo halihitaji Bunge.

Linalohitaji Bunge ni kifungu cha 59. Ulinzi wa nyumba usikome siku ndoa inapovunjwa; uendelee mpaka mgawanyo ukamilike na fedha kupokelewa. Ni marekebisho ya mstari mmoja, na wabunge wetu wakielezwa vizuri sioni sababu ya kuyakataa.

Wanafunzi wa sheria, tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria, nao ndio wanaofika vijijini kabla yenu. Kaeni nao muandike kijitabu cha kurasa chache, kwa Kiswahili cha watu, chenye nakala ya barua ya kuzuia mauziano kwa serikali ya mtaa na orodha ya ushahidi wa mchango. Mimi nitasoma rasimu, na wakili yeyote humu atakayejitolea kusoma pamoja nami aniachie namba yake baada ya kikao.

Masheikh na wachungaji, mwezi ujao mnapokaa na wanandoa wapya, waulizeni swali moja zaidi pamoja na yale mnayowauliza: kiwanja chenu kitaandikwa majina ya nani? Waulizeni wakiwa bado wanapendana, na wote wawili wamo chumbani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimetumia dakika zaidi ya nilizopewa. Naomba maswali yaanze kwa wajumbe wa mabaraza, kisha wenyeviti wa mitaa, kwa kuwa wao ndio watakaokutana na mambo haya Jumatatu asubuhi.